Ubao Usiooshwa

Okinyi alivua viatu mlangoni, akavipanga ukutani, ncha zikitazama nje. Qali, aliyekuwa amesimama na sinia la chai, akahisi vinyweleo vinamsimama. Katika familia yao ni mtu mmoja tu aliyekuwa na mazoea ya kupanga viatu namna ile, na mtu huyo alizikwa miaka sita iliyopita.

Akajiambia ni upuuzi. Msichana akipenda huona mambo mahali yasipo, na Qali alikuwa amependa hadi aibu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, anauza katika duka la dawa karibu na Gikomba. Kijana huyu wa Mbotela, fundi wa friji, aliitwa dukani siku friji ya insulini ilipogoma. Alikaa nayo saa tatu. Friji hiyo haikuwa na kosa la saa tatu, na wote wawili walilijua hilo. Sasa imepita miaka miwili, Okinyi amesilimu, na leo ameitwa nyumbani kwa kina Qali mtaani California, Nairobi, ghorofa ya tatu, apimwe na mama mtu.

Alipompita pale mlangoni aliacha harufu. Haikuwa ya manukato wala ya gesi ya friji. Ilikuwa ya masizi, gundi na ubani, na Qali aliijua kama anavyojua harufu ya kitanda chake.

"Umeshika nini?" akamnong'oneza, akiangalia doa jeusi kwenye kidole gumba chake.

"Wino. Nimepitia kwa mzee saa nane aniombee dua. Hii kitu haitoki hata na sabuni ya gereji."

"Wino wa nini? Watoto wa madrasa siku hizi wanasoma kwa simu."

"Huyu wangu ni wa kitambo, Qali. Anataka kalamu ya mwanzi." Akamtazama kwa yale macho yake yasiyo na haraka, macho yaliyomfanya akosee chenji za wateja mwezi mzima. "Usiogope. Niko tayari."

Qali hakuwa anaogopa mtihani. Alikuwa anaogopa kitu ambacho hakuwa amekipatia jina.

Ndani, Nimco mama yake alikuwa amekaa wima kwenye kochi, tasbihi mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Alikuwa mjane mkali, mwenye maneno machache na yote ya kuuma. Tangu mwanzo hakumtaka Okinyi, na hakuficha. Alisema mwanamume anayesoma dini kwa ajili ya mwanamke, siku akimpata mwanamke huyo ataufunga msahafu. Ami Hanad, mdogo wa marehemu na walii wa Qali, alikuwa amepiga simu kutoka Garissa akasema atamwozesha mradi Nimco aridhike. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa mama huyu.

Sharti la ndoa aliliweka Qali mwenyewe. Alimwambia Okinyi hataki dhahabu wala seti ya viti. Anataka aijue juzuu ya mwisho kwa moyo, na ajue inasema nini, kwa sababu hatakubali kulala na kuamka na mtu anayeabudu kwa kufuatisha wengine. Okinyi aliinamisha kichwa akakubali. Akaenda kutafuta mwalimu, na mwaka mmoja na nusu ukapita.

"Wewe ndiye Okinyi," Nimco akaanza. "Umesilimu na bado unaitwa Okinyi?"

"Ndiyo, Mama. Niliuliza kama nibadilishe. Mwalimu wangu aliniuliza maana yake, nikamwambia ni mtoto aliyezaliwa asubuhi. Akasema asubuhi haina kosa lolote, niliache."

Midomo ya Nimco ilicheza kidogo, kisha ikakaza tena. "Wazazi wako wanasemaje?"

"Mama yangu Adoyo alilia wiki mbili. Sasa analia Jumapili peke yake. Ananipikia, lakini haniulizi nasoma nini."

"Na umefika wapi?"

"Zimebaki sura mbili."

"Nisomee Abasa."

Qali alishtuka. Mama alikuwa ameichagua kwa makusudi. Ni sura ya yule kipofu aliyekuja mbio kutafuta elimu akakunjiwa uso, na kila Mwislamu anajua ni nani aliyekaripiwa kwa kukunja ule uso. Labda Nimco alikuwa anajipima mwenyewe vilevile, nani ajuaye.

Okinyi akakunja miguu, akafumba macho, akaanza. Sauti ilikuwa yake, nzito, yenye mkwaruzo wa Mbotela. Lakini mapumziko hayakuwa yake. Alivuta pumzi mahali ambapo wengine hawavuti, akashusha sauti mwisho wa aya kama mtu anayeweka chini mzigo wa vyombo. Qali alikaza sinia mikononi. Hata makelele ya wauzaji kule chini yalionekana kurudi nyuma.

Katikati ya sura Okinyi akakwama.

Mwanafunzi mwingine angetazama dari, au angeomba aokolewe kwa neno la kwanza. Okinyi hakufungua macho. Alikunja kidole akagonga goti lake mara mbili, ko ko, akarudi aya moja nyuma, akapita palipomshinda bila hata kujikwaa.

Kikombe cha Nimco kikaanguka. Chai ikasambaa kwenye zulia na hakuna aliyeinama kuipangusa.

"Nani amekufundisha kugonga hivyo?" Nimco akauliza, sauti yake imekuwa ndogo.

"Ni mzee, Mama. Yeye hakupi neno ukikwama. Anagonga tu fimbo mara mbili, maana yake rudi nyuma, ulimi utajikumbusha wenyewe. Nimezoea, nikiwa peke yangu najigongea."

Nimco na Qali wakatazamana. Nairobi nzima walimu humpa mwanafunzi neno analolitafuta. Maalim Bile, mume wa mmoja na baba wa mwingine, ndiye peke yake aliyekataa. Alikuwa akisema neno la kupewa halikai.

"Anafundishia wapi?" Qali akauliza, ingawa hakutaka jibu.

"Majengo, nyuma ya msikiti, kichochoro cha mafundi viatu. Chumba cha mwisho, mlango wa kijani. Niliuliza mwalimu msikitini wakasema wote wana watoto wengi. Nikawa natembea tu, nimekata tamaa. Nikapita pale nikasikia sauti ndani inasema, 'Ingia, umechelewa.' Nikaingia."

"Ukamwona?"

"Si anakaa hapo kwa mkeka, ameegemea ukuta wa upande wa kibla. Ana shali ya kahawia. Ananimiminia chai, yake haigusi. Sijawahi kumwona akisimama." Okinyi akasita, akaangalia uso wa mama halafu wa binti. "Kwani mnamjua?"

Alikuwa ametaja shali iliyofunika jeneza la Maalim Bile.

"Aisee, nisisahau," akaongeza, sasa kwa wasiwasi. "Leo amenituma swali. Amesema, 'Huyo aliyekuwekea sharti, muulize kama ubao wake ameuosha.' Sikuelewa."

Qali akaliweka sinia chini kabla halijamponyoka. Chini ya kitanda chake, umefungwa kwa leso mbili, kulikuwa na ubao wa kusomea ambao aliamini hakuna binadamu mwingine aliyejua kwamba upo. Katika darasa la baba yake mtoto aliandikiwa somo ubaoni, akalihifadhi, akalisoma mbele ya mwalimu, na ndipo aliporuhusiwa kuuosha aandikiwe jingine. Ubao wenye maandishi ni somo ambalo halijasikizwa.

"Nenda uulete," Nimco akasema.

"Hooyo, ubao gani?" Qali akamuuliza mama yake.

"Qali. Uulete."

*

Walikwenda Majengo kwa miguu, jua la alasiri likiwachoma upande mmoja wa uso. Nimco alitangulia na chupa ya maji chini ya mtandio wake. Qali alifuata, ubao kifuani. Okinyi alitembea kando yake bila kumgusa, kama ilivyopasa, ila kivuli chake alikiegemeza kwenye cha Qali njia nzima.

"Niambie ninachokosa kujua," akasema kwa sauti ya chini.

"Nikikuambia utakimbia."

"Nilimwambia mama yangu mwana wake anakuwa Mwislamu. Sasa nikimbie nini?"

Qali angependa kucheka, kifua kikakataa. "Maalim wako ana alama hapa?" akagusa juu ya nyusi ya kushoto.

"Ndiyo, kovu. Anasema alianguka kutoka kwa punda akiwa mdogo."

Hakuuliza tena.

Kichochoroni, fundi mmoja wa viatu alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, nyundo mkononi. Mzee Mbaluka alikuwa pale tangu Qali akiwa na meno ya utotoni. Alipomwona Nimco aliinuka kwa heshima, akamsalimia, akaulizia watu wa nyumbani. Kisha akamwona Okinyi, akamvuta Nimco kando, lakini sauti yake haikuwa ya siri.

"Mama, huyu kijana ni wenu? Afadhali mmekuja. Kila Alhamisi anakuja hapa, anakaa kwa hiyo ngazi, anaegemea mlango, anasoma peke yake. Anajibu mtu ambaye sioni. Hata leo saa nane alikuwa hapo. Nikajua ni kichwa, nikamwachia Mungu."

"Mzee, mimi hukaa ndani," Okinyi akasema.

"Ndani wapi, kijana wangu?"

Mbaluka akaelekeza nyundo. Mlango wa kijani ulikuwa na kufuli kubwa iliyoliwa na kutu hadi tundu la ufunguo likaziba. Utando wa buibui ulikuwa umetoka kwenye kufuli hadi kwenye fremu, mzima, haukukatika hata uzi mmoja. Nimco akatoa kwenye mkoba ufunguo wa darasa la mumewe, ambao hakuwa ameutumia tangu mazishi. Haukuingia.

Okinyi akaweka kiganja kwenye mbao. "Kuna mkeka wenye mistari myekundu," akasema polepole. "Kuna birika la bluu limebonyea ubavuni. Kuna dirisha ambalo hafungui. Nimekaa humo mwaka mmoja na nusu, Qali. Wallahi nimekaa."

"Najua," Qali akasema. "Birika nililibonyeza mimi, nikiwa na miaka saba."

Akaketi kwenye ngazi. Hapo ndipo machozi yalipokuja, na pamoja nayo maneno aliyoyafungia kwenye leso miaka sita.

"Aabo, baba yangu, alikuwa ananingoja mimi," akasema. "Ile Alhamisi. Nilikuwa na somo la kumsomea baada ya alasiri. Rafiki yangu alikuwa na sherehe, nikamwambia nitasoma kesho. Akasema, 'Nitakuwepo hapa, ukibadilisha nia uje.' Sikuja. Walipomkuta alikuwa ameegemea ukuta, fimbo mkononi, mkeka wa mwanafunzi umetandikwa mbele yake. Watu wote mkaniuliza, nikasema nilisoma nikaenda. Nilidanganya hadi kaburini kwake. Na tangu siku hiyo sijahifadhi hata aya moja."

Hakuthubutu kuinua uso. Alisikia mama yake akishuka kuketi kando yake, viungo vikilia.

"Alinipigia simu saa kumi na moja," Nimco akasema. "Akaniambia, 'Sirudi mapema, namngoja Qali.' Nimejua miaka sita. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungelia, ningekusamehe, na ubao ungebaki chini ya kitanda. Halafu ukaja kumwekea mtoto wa watu sharti la kusoma, wewe mwenyewe umekimbia kusoma. Unafikiri nilikuwa namkasirikia huyu?" Akamwonyesha Okinyi kwa kichwa. "Nilikuwa nakukasirikia wewe. Elimu si mlima unaomsukumia mwenzako apande, wewe umekaa chini unahesabu hatua zake."

Yalimwingia Qali hadi kwenye mifupa. Ni kweli alimpenda Okinyi zaidi kila alipoleta sura mpya, na kila sura ilimchoma, maana ilikuwa inafanywa na mtu mwingine badala yake.

Akamgeukia. Swali lililokuwa linamtafuna tangu sebuleni likatoka. "Okinyi, ulikuja kwangu mwenyewe? Au ulitumwa?"

Okinyi akachuchumaa mbele yake, mbali kiasi cha adabu, macho yake yamejaa. "Nilikuja kwa sababu ya friji. Nikarudi kwa sababu yako. Mzee amenituma swali moja tu, na ni leo. Hakunituma nipende. Hiyo nilifanya mwenyewe."

Qali akafumba macho akayaweka maneno hayo mahali pa kuyakuta baadaye. Kisha akaufungua ubao. Maandishi ya baba yake yalikuwa meusi na mapya kana kwamba wino haujakauka, na harufu ile ikajaa kichochoro kizima hadi Mbaluka akaweka nyundo chini. Qali akaugeuza ubao kifudifudi mapajani, akaugeukia mlango.

"Aabo," akasema. "Nimekuja kusoma."

Lilikuwa somo kutoka sura ya Twaha. Miaka sita ni mingi, lakini maneno yalitoka, kwanza kwa kukwaruza, kisha kwa kufuatana. Kichochoroni hapakupita mtu. Kuku wa jirani walisimama kimya. Alisoma aya ya kwanza, ya tano, ya saba, jasho likimtiririka mgongoni. Akafika kwenye aya ile ambamo Mtume anafundishwa kuomba azidishiwe elimu, na hapo akili yake ikawa nyeupe. Alitafuta neno, hakulipata. Dua yenyewe kila mtoto wa madrasa anaijua, na yeye hakuipata.

Midomo ya Okinyi ilitaka kumsaidia. Nimco akainua mkono kumzuia.

Nyuma ya mlango, chini, karibu na sakafu, fimbo ikagonga mara mbili.

Mbaluka akalitaja jina la Mungu. Nimco akaushika ukuta. Ulimi wa Qali ulikuwa umezoea kutii sauti ile tangu utotoni. Akarudi aya moja nyuma, akaikaribia tena, na dua ikamjia yenyewe, nzima. Akaisoma, akaendelea, akamaliza somo hadi neno la mwisho.

Kisha kutoka ndani wote wanne walisikia pumzi ndefu, ya mtu aliyekaa sana mahali pamoja na sasa anainuka.

Nimco akatoa chupa ya maji. Qali akamimina na kusugua kwa kiganja, wino ukiteremka kijivu kwenye ngazi na kupita chini ya mlango wa kijani. Ubao ukabaki mtupu. Harufu ya masizi ikaondoka kichochoroni, ikaacha ya ngozi na gundi ya viatu, kama kawaida.

Okinyi akausogelea mlango. "Maalim?" akaita. "Maalim, ni mimi." Akagonga, akangoja, akaweka sikio. Alipogeuka alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. "Ameenda. Nimebakiza sura mbili na ameenda. Sasa nani atanisomesha?"

Qali akapangusa mikono kwenye leso. Alikuwa anaogopa bado, na alikuwa mwepesi kuliko alivyokuwa kwa miaka sita.

"Mimi," akasema. "Nitakusomesha hizo mbili, halafu tutaendelea wote wawili, kutoka pale nilipoachia."

"Hiyo haitawezekana," Nimco akakata.

Wote wawili wakamtazama, mioyo imewashuka.

"Binti yangu hatakaa na mwanamume chumbani kila Alhamisi wakisoma bila nikahi. Watu watasema nini?" Akatoa simu, akaanza kutafuta namba. "Nampigia Hanad aje. Fungeni ndoa kwanza, halafu msome mpaka mchoke."

Okinyi alikaa chini palepale, kwenye ngazi iliyolowa, na hakuonekana kujali suruali yake. Alicheka na kulia, na Qali akamtazama bila kuona haya mbele ya mama wala fundi viatu. Kutoka msikitini kipaza sauti kilikuwa kinakohoa, tayari kwa magharibi.

"Bado tuna dakika chache," Qali akasema. "Mama yupo hapa. Soma pale mzee alipokuachia."

"Nimeanza Naziati tu. Aya chache."

"Hizo hizo."

Okinyi akafumba macho akaanza. Alisoma aya nne kwa yale mapumziko ya Maalim Bile, akaingia ya tano, akakwama. Akanyamaza na kusubiri, kichwa kimeinamia mlango wa kijani, kama alivyozoea. Ndani hapakuwa na kitu tena. Alisubiri, na uso wake ukaanza kuvunjika.

Qali akauweka ubao mapajani. Akakunja kidole, akagonga mara mbili.